Muziki uko na wenyewe. Hawa wanaokuja na kitansi ni nani?

Ndugu raia wa Marabo, wa teritware ya Irumu na wa Ituri nzima; wazee wetu, mama zetu wa soko, vijana wenzetu,

Tumezoea kuandika hapa juu ya usalama, juu ya barabara, juu ya bariyeri. Leo tunaandika juu ya bafle. Wamoja watasema: watu wanakufa, na ninyi munatuletea habari ya muziki? Tumesikia. Lakini mama akinyang'anywa feza yake ya siku ya soko, hatuwezi kumuambia angoje kwanza amani ifike ndipo alalamike.

Mimi ninayeandika niko na lisanse ya sheria, na kazi sina. Siku nyingi ninakaa kwa dada mumoja wa familia yetu mwenye saloni ndogo ya kusuka na kunyoa, pembeni ya barabara kubwa ya Bunia–Komanda. Munaijua namna ya saloni hizo: kuta za mbao, kioo kimepasuka kona, pano moja ya jua juu ya mabati, betri ya gari chini ya meza, na bafle moja ndogo inayopiga kutoka flashi. Sisi wa Marabo tunaishi na barabara. Gari zikisimama, watu wanakula, wananunua ndizi, wanakunywa kidogo, na mahali penye muziki ndipo wanaposimama kwanza. Bafle si mapambo. Bafle ndiyo inaita muteja.

Siku moja ya soko wakaingia wanaume wawili, mumoja na faili chini ya kwapa. Nilikuwa pale, nilisikia yote.

«Mama, hii bafle unapigisha, iko na karatasi?»

«Karatasi gani tena?»

«Ya musiki.»

«Niko na patanti. Niko na ya hijene. Ile ya musiki sijasikia.»

«Njo sheria ya inchi. Unalipa dolari kumi na tano, ama bafle tunaenda nayo.»

Dada akauliza: na kama naimba mimi mwenyewe? Yule mwenye faili akafikiri kidogo, akajibu kwamba hiyo itategemea. Wateja wakacheka, hata mimi nilicheka, lakini kicheko kiliisha haraka, maana mwenzake alikuwa amekwisha kuchomoa waya. Wakabishana. Kutoka dolari kumi na tano wakashuka mpaka franga elfu kumi. Wakaandika kitansi. Niko nayo mbele yangu sasa hivi: tarehe, neno «musiki», saini kama waya uliokunjamana, na kashe ya buluu ambayo hata ukiiweka kwenye jua huisomi. Jina la serivisi halimo. Namba ya sheria haimo. Mimi nilisoma sheria miaka mitano, na siku ile nilinyamaza kama mukuki wa mapambo ukutani. Ninasema hilo kwa haya.

Walitoka serivisi gani, sijui mpaka leo, na sitasingizia mutu. Lakini tangu siku ile tumeuliza katika buvette, katika restora, kwa vijana wenye sekretaria wanaotia nyimbo katika simu, na tumekuta dada si wa kwanza. Tumekuta pia watu wamegawanyika pande mbili. Upande mumoja unasema: lipa tu, ukibishana utapata shida kubwa zaidi. Upande mwingine unasema: hao ni wezi, muziki ni ya bure, Mungu ndiye alitupa masikio.

Sisi, kama muvuma wa vijana raia, hatuko upande wowote wa hizo mbili. Na tunajua neno letu halitafurahisha hata wale tunaowatetea.

Muziki si ya bure. Tuseme wazi. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ambayo inalinda haki za watunzi katika inchi yetu, inasema kazi ni ya aliyeitunga, na ni yeye anayeruhusu ichezwe mbele ya watu. Ukisikiliza nyumbani na watoto wako, hakuna anayekudai. Lakini ukiweka bafle mulangoni ili watu waingie wanunue bia yako, wanyolewe kwako, wale ugali wako, hapo wimbo wa mutu unakufanyia kazi, na mufanyakazi anastahili mushahara. Haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya mutunzi kufa. Franco alikufa tarehe 12 Oktoba 1989: miaka yake 50 itafika 2039. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016: hesabu mwenyewe. Kwa hiyo hata zile za zamani tunazoita «za baba» ziko na wenyewe, ndio wajane na watoto wao.

Na si sheria ile tu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inasema haki za watunzi zinahakikishwa na zinalindwa na sheria. Sisi ambao kila siku tunapiga kelele juu ya kifungu cha 26 na cha 64, hatuwezi kuruka cha 46 kwa sababu kinagusa mufuko wa jamaa zetu.

Wazo hili halikuzaliwa katika ofisi ya watoza-kodi. Lilizaliwa ndani ya baa. Mwaka 1847, Paris, mutunzi mumoja kwa jina Ernest Bourget aliketi na wenzake katika kahawa inayoitwa Ambassadeurs, akasikia wanapiga kazi yake ili kufurahisha wateja. Wakati wa kulipa kinywaji ulipofika, akakataa: muziki wangu munautumia bure, basi na mimi nimekunywa bure. Wakafika mbele ya mahakimu, na mutunzi akashinda. Miaka minne baadaye, 1851, watunzi wa Ufaransa wakaunda shirika lao, SACEM, la kuzunguka na kukusanya kwa niaba ya wote, maana mutunzi mumoja hawezi kuketi katika kila baa ya inchi akingoja wimbo wake upite. Wanamuziki wengi wa kwetu, wenye majina makubwa, walikwenda kujiandikisha huko Ufaransa ama Ubelgiji. Juu ya nini walikwenda mbali hivyo? Tutafika.

Sasa hapa ndipo tunawageukia wale wenye faili.

Feza ya mutunzi si taksi. Taksi ni ya Leta. Inaingia katika kasha la Leta, na kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Tangu tarehe 13 Machi 2018 kuna ordonansi-sheria mbili, 18/003 kwa serikali kuu na 18/004 kwa majimbo na entite za chini, zenye orodha ya taksi na haki ambazo wanaweza kutuomba. Isiyo katika orodha, hakuna mwenye ruhusa ya kuibuni akiwa juu ya pikipiki. Lakini feza ya muziki ni deni la mutu kwa mutu: la mwenye buvette kwa mwenye wimbo. Anayeikusanya anaikusanya kama mutumishi wa mwenye wimbo. Kwa hiyo swali la kumuuliza si «wewe ni mukubwa gani?» Swali ni: umetumwa na watunzi gani, na nitajuaje feza hii imewafikia?

Zamani ilikuwa SONECA, iliyoundwa 1969. Muulize mwanamuziki yeyote mwenye mvi kama alishiba kwa SONECA. Malalamiko yao yalijaa redio miaka na miaka, na hiyo ndiyo jibu la swali la juu. Mwaka 2011 ikaachwa, ikaja SOCODA, na hiyo si serivisi ya Leta: ni koperative, yaani mali ya watunzi wenyewe. Verckys Kiamuangana Mateta, aliyepiga saksofoni kwa Franco kabla ya kuwa na orkesta na studio yake, alikuwa kati ya viongozi wake wa kwanza. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Wenye muziki wanajisimamia.

Shida ni kwamba mama wa Marabo haoni karatasi. Anaona wanaume. Leo anakuja anayesema «haki ya mutunzi». Kesho anakuja anayesema «utamaduni», maana kuna pia Mufuko wa kuendeleza utamaduni, wa tangu wakati wa Mobutu, ambao nao uko na redevansi yake kwa wanaouzisha vinywaji na wenye kazi za burudani. Kesho kutwa anakuja wa utalii, ambaye kazi yake ni kuangalia hoteli, restora na baa. Usiku anakuja anayesema bafle inapigisha kelele, watu hawalali. Mambo manne mbalimbali, sheria mbalimbali, makasha mbalimbali. Kwa mama wote wanne wanasema neno moja: «musiki, lipa». Na yule wa tano, asiyetumwa na mutu, amejifunza neno hilo hilo. Anahitaji tu faili na kashe. Kashe inatengenezwa sokoni.

Ongeza hali ya kuzingirwa, ambayo imekuwa juu yetu hapa Ituri tangu tarehe 6 Mei 2021. Raia amejifunza kwamba kubishana na mutu mwenye karatasi kunaweza kumupeleka mahali pabaya. Kwa hiyo halipi kwa sababu ameelewa. Analipa ili waondoke. Halafu tunashangaa watu wakisema haki za watunzi ni wizi. Wamefundishwa hivyo na wanaokusanya.

Na mutunzi je? Twende kwake, maana ndiye wanayemutaja wote.

Hapa Ituri tuko na vijana wanaotunga kwa Kiswahili, kwa Kilingala, kwa lugha za nyumbani. Kuna kwaya za makanisa ambazo nyimbo zao zinapigwa kutoka Mahagi mpaka Mambasa. Wanakusanya feza kidogo kidogo, wanaingia katika studio ndogo Bunia, wanatoka na wimbo. Wiki ile ile wimbo uko kwa kijana wa sekretaria, anautia katika karte memwari, nyimbo kumi kwa franga mia tano. Kutoka pale unaingia katika bafle ya buvette. Kutoka buvette, dereva anaupenda, anaupeleka Komanda. Wimbo umetembea kilometa mamia, mutunzi amekaa kwao hana feza ya unga. Nilimuuliza mumoja wao kama amejiandikisha mahali popote ili kazi yake ijulikane kuwa yake. Akaniuliza: kujiandikisha wapi?

Hilo ndilo swali ambalo mwenye faili hawezi kujibu. Dada yangu anapigisha sana nyimbo za kwetu, kwa sababu wateja wake ni watu wa kwetu. Kama franga elfu kumi zake zingefika kweli katika koperative huko Kinshasa, nani angejua kwamba nusu ya flashi yake ni nyimbo za Ituri? Hakuna aliyemuuliza anapiga nini. Hakuna orodha. Bila orodha, feza ya Marabo, hata ikikusanywa kwa uaminifu, itamufuata mwenye jina kubwa ambaye tayari anasikika redioni, na kijana wa Bunia atakuwa amechangia mushahara wa wengine kwa wimbo wake mwenyewe.

Tusifikiri ni sisi tu. Kenya wako mbali katika jambo hili: baa, hoteli, hata matatu zinaombwa leseni ya muziki, na mashirika ya wanamuziki yanajulikana kwa majina. Na bado, mwaka 2019 shirika lao la MCSK lilipogawa, wanamuziki wengi walipata shilingi 2,530 kila mumoja, na kelele zilizopigwa zilisikika mpaka huku. Lakini angalia tofauti. Mukenya alijua ni shirika gani, alijua kiasi gani, kwa hiyo aliweza kukasirika kwa hesabu. Sisi hatuna hata hesabu ya kukasirikia.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo katika urithi wa dunia. Tulifurahi, tulicheza, na hatujutii. Tulifikiri labda sasa wakubwa watakumbuka kwamba rumba ina watu ndani yake, wanaokula.

Basi tunasema nini?

Kwa wenye buvette, saloni, restora na sekretaria wa Marabo: musikubali neno kwamba muziki ni ya bure, hata kama sisi vijana ndio tulizoea kulisema. Lakini musimupe mutu feza mukononi. Anayekuja, muulize ordre de misio, na usome jina, serivisi na tarehe. Muulize ni sheria gani. Muulize ni haki ya mutunzi, ama ya mufuko wa utamaduni, ama ya utalii, maana hawezi kuwa yote matatu. Muombe tarifu iliyoandikwa. Akikosa kimoja, muambie kwa heshima arudi nacho. Bafle yako ni mali yako. Hata kama una deni, mutu hachukui mali ya mwenzake bila karatasi ya hakimu. Na kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria. Wala usitukane. Wala usipige. Mwite jirani, andika namba ya pikipiki.

Kwa SOCODA, tunaongea kama watu wanaotaka ifaulu. Tangazeni tarifu kwa franga na kwa Kiswahili, ibandikwe sokoni na isomwe katika redio za Bunia. Saloni ya kiti kimoja isilipe sawa na hoteli ya muji. Malipo yapite kwa benki ama kwa simu, katika konti yenye jina la koperative. Na mutume mutu Bunia, aketi siku zinazojulikana, aandikishe watunzi wa Ituri na kwaya zetu, achukue pia orodha ya nyimbo zinazopigwa huku. Halafu mutangaze kila mwaka: Ituri imetoa kiasi hiki, watunzi wa Ituri wamepata kiasi hiki. Mukifanya hivyo, tutapita na ninyi mulango kwa mulango kueleza. Tunaahidi mbele ya wote, na wenye buvette watatuchukia kidogo.

Kwa viongozi wa jimbo na wa teritware: ninyi munajua serivisi zote zinazokusanya katika barabara hii, ama munapaswa kujua. Andikeni moja moja nani ana ruhusa ya kuingia katika duka la mutu kuuliza juu ya muziki, mubandike orodha hiyo katika ofisi ya shefu. Asiyekuwa juu ya orodha, tutamuleta kwenu sisi wenyewe, kwa mikono mitupu na kwa amani.

Na sisi wenyewe? Kuna mwenzetu mumoja aliuliza katika mukutano, na swali lake lilituchoma: mwezi uliopita tulikodi bafle kubwa kwa ajili ya uhamasishaji, tukapigisha nyimbo mchana kutwa. Tulimuomba nani ruhusa? Hatukuuza kitu, kweli. Lakini hatukufikiri hata dakika moja. Tumeamua kwamba katika shuguli zetu tutapiga kwanza kazi za watunzi wa Ituri tulioongea nao, na majina yao tutayasema kwenye mikro.

Siku ya soko ijayo tutakuwa pembeni ya barabara, karibu na kwa wauza ndizi, kuanzia saa mbili asubuhi, na meza na daftari. Mwenye kitansi ya muziki, ya mwaka wowote, ailete. Tutaipiga picha na kumurudishia pale pale. Anayeogopa kuonekana, atume picha na afunike jina lake. Tutapeleka zote Bunia pamoja na barua, na jibu tutalichapisha hapa, likija ama lisipokuja.

Dada amesema siku ile atawasha bafle yake, ya kwanza tangu walipochomoa waya. Wimbo wa kuanza ameuchagua, ni wa kijana wa Bunia. Alimupigia simu kumuomba ruhusa. Kijana alicheka, akadhani ni mutego. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza saloni iko upande gani wa barabara. Tumemuomba aje.